Nyaya za Mlango wa Nyuma: Historia Fupi ya Mafundi Umeme wa Magari, Ngara na Biharamulo

Kati ya Rusumo na Biharamulo, mlango wa gari unaochoka kuliko yote ni ule wa nyuma. Mchomoko, yaani gari dogo linalobeba abiria, ukisimama Benaco, Nyakahura au Lusahunga, abiria mmoja akishuka tu, lazima buti lifunguliwe. Kuna mkungu wa ndizi wa huyu, gunia la maharage la yule, na kuku waliofungwa miguu ambao mwenyewe anashuka kituo cha mbele. Siku nzima mlango unapanda na kushuka. Ndani ya ule mpira mweusi ulio juu, kati ya paa na mlango, nyaya zinakunjwa na kukunjuliwa kila mara, mpaka shaba inakatika ndani ya ganda lake kama kamba ya kisima inavyokatika pale pale inapokwaruza ukingo.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Nilizaliwa Rulenge, nikajifunza kazi Biharamulo, na leo gereji yangu ipo Ngara, chini ya mparachichi. Wengi wananijua kwa kazi hiyo ya buti. Vijana wanaidharau kwa kuwa haina heshima ya kufungua injini, na matajiri wa magari wanaidharau kwa kuwa wanaona ni ya tepu na dakika kumi. Nataka kueleza ilivyofika huku, maana ufundi huu haukuja na chuo wala kitabu. Uliletwa na magari yenyewe, awamu kwa awamu, na kila awamu ilitanguliwa na neema au balaa ambayo wilaya hizi mbili haziwezi kuisahau.

Mlango usio na umeme

Awamu ya kwanza ni ya Land Rover. Biharamulo ilikuwa na Boma la Wajerumani tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini, na serikali zote zilizofuata ziliendelea kutawala kutoka mji ule. Palipo na ofisi ya wilaya pana gari la wilaya, na palipo na gari pana mtu wa kulitazama. Misheni nazo, Wakatoliki kule Rulenge na Waanglikana pale Murgwanza penye hospitali, zilikuwa na magari yao na watu wao wa spana. Mafundi wa kwanza wa kwetu walitoka kwenye karakana hizo. Hawakuandikishwa kama wanafunzi. Walianza kwa kuosha magari na kushika tochi.

Mwalimu wangu alikuwa mmoja wao. Nilipofika kwake, katikati ya miaka ya 1980, alikuwa ameshastaafu serikalini na anafanya kazi nyumbani kwake, katika zile gereji ambazo watu wa mjini huziita bubu. Somo lake la kwanza halikuhusu taa. Alikuuliza: ni ncha ipi ya betri imefungwa kwenye bodi? Land Rover za zamani, zile za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960, zilifungwa chanya kwenye bodi. Zilizofuata zikafungwa hasi. Wilaya moja ilikuwa na za aina zote mbili. Fundi asiyeuliza swali hilo aliunguza redio ya mtu au dainamo, na dainamo haikupatikana karibu zaidi ya Mwanza.

Somo la pili lilikuwa rangi. Umeme wa Land Rover ulitoka kwa Lucas, kampuni ya Kiingereza, na Waingereza walikuwa na utaratibu wao: nyeusi ni athi (njia ya umeme kurudi), nyekundu ni taa ndogo za nyuma, kijani yenye mstari wa zambarau ni breki, kijani na nyekundu ni indiketa ya kushoto, kijani na nyeupe ni ya kulia. Tulizikariri kabla ya kuruhusiwa kushika bisibisi. Watu waliilaumu Lucas kwa taa kufifia, lakini mara nyingi kosa lilikuwa la athi. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, fremu ni ya chuma, na palipokutana metali hizo mbili katika unyevu wa Ngara paliota ukungu mweupe uliozuia umeme kurudi.

Mlango wa nyuma wa gari hilo ulifunguka kwa pembeni, ukabeba tairi la akiba na kitasa, basi. Taa zote zilikaa kwenye bodi. Wazee waliotufundisha walijua mengi, ila tatizo la nyaya kukatikia mlangoni hawakuwa nalo.

Waya ulipokuwa mali

Steshenwagoni za kwanza nilizoziona zilikuwa Peugeot: 404, kisha 504 ya familia yenye safu tatu za viti. Jina la gari hilo lilikuwa kubwa Afrika Mashariki yote kwa sababu ya mbio za Safari. 404 ilishinda mara kadhaa katika miaka ya 1960, na 504 ikashinda mwaka 1975 na tena 1978. Huku kwetu sifa yake ilikuwa nyingine. Ilibeba familia, mizigo na mgonjwa kwa safari moja, na mlango wake wa nyuma ulipanda juu, ukawa kivuli wakati wa mvua. Nyingine zilitoka ng'ambo ya mpaka, usukani ukiwa kushoto, kwa kuwa Rwanda na Burundi hupita kulia.

Peugeot zilitukuta katika miaka mibaya. Bei ya mafuta ilipanda baada ya 1973, serikali ikapiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili mchana. Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia mkoa wetu, uliokuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Magari ya raia yalichukuliwa kubeba askari na vifaa, na yaliyorudi yalirudi yakiwa yamekwisha. Vita vilipoisha mkoa ukapewa jina la Kagera, lakini nchi haikuwa na fedha za kigeni, na spea ni fedha za kigeni. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, mtu mwenye boksi la balbu mpya alilificha kama mwenye pembe za ndovu.

Ndipo ufundi wetu ulipopata tabia yake. Gari lililokufa halikutupwa. Lilivuliwa nyaya zote, zikapangwa kwa rangi na kwa unene, zikatundikwa kwenye misumari ukutani. Lehemu tuliipata kwa kuyeyusha maungio ya rejeta mbovu. Umeme wa kuchomea hatukuwa nao, kwa hiyo kipande cha shaba nene kilipashwa moto kwenye jiko la mkaa mpaka kikabadilika rangi, ukawa na muda mfupi tu wa kuunga kabla hakijapoa. Mwalimu alikataza kabisa asidi ile ya mafundi bati. Inashika haraka, lakini inabaki ikila shaba kimya kimya, na baada ya masika moja waya unakuwa unga wa kijani. Badala ya mrija wa kufunikia maungio, tulikata mrija wa kalamu ya wino.

Hayo ndiyo niliyoyarithi. Naeleza kwa sababu vijana hudhani kuunga waya kwa mkono tu na tepu ndiyo njia ya kimasikini ya zamani. Zamani, tulipokuwa masikini kuliko leo, tulichoma lehemu.

Waitaliano na malori

Katika miaka ya 1980 barabara ya Lusahunga hadi Rusumo, takriban kilometa 90, iliwekwa lami. Waitaliano walioijenga walipiga kambi yao njiani, na jina la kampuni likabaki kuwa jina la mahali: Benaco. Lami ilileta malori ya kwenda Kigali na Bujumbura, yenye trela, yakipita usiku na mchana. Rusumo ilikuwa na daraja jembamba la njia moja juu ya maporomoko ya mto Kagera, na malori yalilala hapo kusubiri zamu na karatasi.

Lori linalosubiri lina matatizo yanayosubiri nalo. Tulijifunza umeme wa volti 24 badala ya 12, na soketi ya trela yenye pini saba, ambamo pini moja ya athi ikilegea, kugusa breki kunawasha indiketa na kuwasha indiketa kunafifisha taa zote. Kwa mara ya kwanza tulikutana na nyaya zinazosogea zikiwa kazini: kebo ya trela hukunjwa kila kona. Madereva wa masafa walitufundisha kwamba waya wa kusogea haufanani na waya wa kukaa. Ule wa kusogea huundwa kwa nyuzi nyembamba nyingi, ganda lake ni laini, na huachiwa urefu wa ziada ili usivutike. Somo hilo lilikaa kichwani miaka mingi kabla sijalihitaji kwenye buti.

Mwaka 1994

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda. Wengi walikuja kwa miguu, na godoro kichwani. Wachache walikuja kwa magari, yakiwa yamebeba mpaka juu ya paa. Benaco, iliyokuwa kambi ya ujenzi iliyoachwa, ikawa mji mkubwa kuliko wowote mkoani. Zikafuata Lumasi na kambi nyingine, na baadaye Lukole ya Warundi.

Nyuma ya watu yakaja magari meupe. Sijawahi kuona Land Cruiser nyingi namna ile mahali pamoja, kila moja na antena ndefu ya redio. Mashirika ya misaada yalihitaji mafundi na sisi tulihitaji mishahara. Nilipata kibarua katika karakana ya shirika mojawapo, chini ya turubai, nikifanya kazi pamoja na Wanyarwanda waliokuwa mafundi kwao na sasa walikuwa wakimbizi. Baadhi yao walitushinda kwa mbali. Yupo mmoja, mtaratibu, asiyeongea habari za nyumbani kwake, aliyenionyesha jinsi ya kupima kupotea kwa volti katika athi: weka mita kati ya ncha hasi ya betri na bodi ya taa, washa taa, soma. Ikizidi nusu volti, usitafute pengine.

Kuliko vifaa, magari meupe yalituletea utaratibu. Kila gari lilikuwa na kadi ya kazi. Redio ilifungwa na fyuzi yake karibu na betri. Hakuna waya uliopita kwenye tundu la bati bila mpira. Ukiunga, uliandika umeunga wapi. Mambo haya yalionekana ya kizungu mwanzoni, mpaka tulipogundua kuwa gari lenye kadi linarudi kwa tatizo jipya, na lisilo na kadi linarudi kwa tatizo lile lile.

Desemba 1996 serikali iliwarudisha Wanyarwanda, na barabara ile ile ikajaa watu wakielekea upande wa pili. Warundi wa Lukole walibaki zaidi ya miaka kumi baadaye. Mashirika yalipopungua, yaliuza mita, majeki na makabati ya spana, na mafundi tukatawanyika. Wengine walikwenda migodini, Bulyanhulu, kisha Tulawaka hapa hapa Biharamulo ulipofunguliwa mwaka 2005. Wengine tulikaa mjini na kungoja kitakachokuja.

Gari la mwuza duka wa Japani

Kilichokuja ni Mjapani aliyetumika. Uagizaji ulianza kulegezwa mwaka 1984, na chini ya Mzee Mwinyi ukapanuka, lakini kwa wilaya za pembeni kama zetu wimbi lenyewe lilifika miaka ya 2000. Kwanza Corolla steshenwagoni, kisha Probox, ambayo Toyota ilianza kuiuza mwaka 2002 kwa ajili ya wafanyabiashara wa kwao: mwuza duka anayepeleka bidhaa kwa wateja, fundi anayekwenda na boksi la vifaa. Gari jepesi, gumu, lenye sakafu tambarare nyuma. Limefika kwetu likiwa na umri wa kustaafu, na sisi tumelipa kazi ya basi.

Tuliyapokea wakati njia zetu bado zilikuwa na hofu. Kwa miaka mingi pori la Biharamulo lilikuwa na majambazi wenye bunduki, na magari yalipita kwa msafara yakisindikizwa na polisi. Kabla lami haijafika kati ya Lusahunga na Kagoma, unayemfuata katika vumbi lile ulimwona kwa taa zake nyekundu tu. Dereva asiye na taa za nyuma alihatarisha abiria wake na wa nyuma yake.

Na taa hizo ndizo zinazokufa kwa sababu ya mlango. Wajapani waliweka mlangoni kila walichoweza: taa za namba, kufuli, waipa, nyaya za kuyeyusha ukungu kiooni, na kwa baadhi ya magari taa ya breki ya juu. Vyote hupitia kwenye mpira mmoja mwembamba. Joto na miaka vimekausha ganda la nyaya. Kisha tunaongeza yetu: mzigo ukizidi, mlango haufungwi, unafungwa kamba ukiwa nusu wazi, na gari linakwenda hivyo Ngara hadi Nyakanazi, nyaya zikiwa zimevutwa njia nzima.

Dalili hufuatana. Huanza taa ya namba kuwaka na kuzima. Kisha waipa inagoma. Athi ikikatika, umeme hutafuta njia ya kurudia, na unaona vitu vya ajabu: ukibonyeza kufuli, taa ya namba inawaka kidogo. Mwisho, waya wa taa uliochubuka unagusa bati. Hapo fyuzi ya taa ndogo inakatika, na kwa Toyota nyingi fyuzi hiyo moja inahudumia taa za nyuma zote na mwanga wa deshibodi. Dereva anaona deshibodi imekuwa giza, anadhani ni balbu. Nyuma yake hakuna anayemwona.

Namna ya kuitengeneza

Mazungumzo huwa haya.

"Shikamoo, fundi. Inakata fyuzi. Nimeweka kubwa, imetulia lakini inanuka."

"Marahaba. Kubwa kiasi gani?"

"Thelathini."

"Ya kumi umeweka thelathini. Shusha abiria wako, kijana wangu."

"Weka tepu tu, fundi, watu wananisubiri."

Fyuzi ndiyo kitu pekee ndani ya gari kilichoumbwa ili kife. Ukikizuia kisife, utaunguza wayaringi nzima ya paa. Kwa hiyo naanza kwa kurudisha ya ampea 10. Navua kava za plastiki juu ya mlango, nauchomoa mpira pande zote mbili, naupaka maji ya sabuni ili uteleze. Nafungua waya mmoja mmoja, nausikiliza kwa vidole: palipovunjika shaba, ganda hulegea na kukunjika kirahisi kuliko kwingine. Sikati zote kwa pamoja, hata kama rangi nazijua. Kwa Toyota athi ni nyeupe yenye mstari mweusi, na nyingi zimeshaungwa na fundi mwenzangu kwa rangi aliyokuwa nayo mfukoni.

Siungi mahali palipokatika. Naondoa kipande chote kinachokunjika na kuweka kipya cha waya laini wenye nyuzi nyingi, mrefu kidogo kuliko wa awali, ili maungio yote yawe nje ya mpira: upande mmoja ndani ya paa, upande mwingine ndani ya mlango. Lehemu ni nzuri, lakini pale ilipoishia waya unakuwa mkavu, na mahali pakavu pakikunjwa hukatika. Ndiyo sababu lehemu haipaswi kukaa ndani ya mkunjo. Maungio nayapishanisha, hili hapa na lile pale, yasikusanyike yakawa fundo. Kila moja linafunikwa mrija wake. Mwisho nasafisha skrubu ya athi mpaka bati ing'ae, nafungua na kufunga mlango mara nyingi taa zikiwa zimewaka, ndipo narudisha kava.

Kazi hiyo inachukua nusu siku. Tepu inachukua dakika kumi na inarudi baada ya majuma machache, mara nyingi usiku, mara nyingi ikiwa na askari wa usalama barabarani mbele na faini ya kukosa taa. Dereva akilipa mbili kama hizo, ameshanilipa mimi.

Tunakokwenda

Mengi yamebadilika. Daraja la Rusumo sasa ni pana, limejengwa kwa msaada wa Japani, na Probox hupita juu yake. Chini ya maporomoko yale kuna mtambo wa megawati 80 unaogawiwa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Sisi tuliochomea lehemu kwa mkaa tuna umeme wa kuchomea, na vijana wana michoro ya nyaya kwenye simu. Sina wivu nao. Ninachowadai ni subira.

Ninachowadai wakubwa ni kingine. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunza kazi nje ya chuo: fundi anapimwa kwa vitendo, anajazwa alipopungukiwa, anapewa cheti. Utaratibu huo ufike Benaco, Kabanga, Nyakanazi na Biharamulo mjini, chini ya miti kwenyewe, maana huko ndiko walipo watu waliofundishwa na Land Rover, na malori na magari meupe, na wazee wao wanakufa bila kuacha karatasi.

Na wewe mwenye gari, kabla hujatoka jioni hii, washa taa ndogo, zunguka nyuma, fungua buti na ulifunge. Taa ya namba ikicheza, mlete fundi, mwache afanye kazi nusu siku, na ukatae tepu.